Kumtafuta Baba Kati ya Nyota

Usiku wa kilio twaujua sote. Watu wamekaa nje, moto unafifia, nyimbo zimenyamaza kidogo, na mmoja anainua macho. Juu nyota ni zile zile za jana. Haikupungua hata moja, lakini hapa chini nyumba imepungukiwa na baba. Hapo swali hutoka lenyewe: amekwenda wapi?

Swali hilo ndilo mzizi wa kitabu tunachotaka kukipima leo. Jina lake ni Life on Mars, maana yake «Uhai katika sayari ya Mars». Mtungaji ni Tracy K. Smith, mwanamke mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1972. Kitabu kilitoka mwaka 2011, na mwaka 2012 kikapata zawadi ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa kwa waandishi wa nchi ile. Lakini hatukukichagua kwa ajili ya zawadi. Tulikichagua kwa kuwa baba yake, Floyd William Smith, alikuwa fundi wa mitambo, mmoja wa wale waliofanya kazi ya darubini ya Hubble. Alikufa mwaka 2008, na binti yake akamlilia kwa mashairi.

Yafaa tuieleze darubini hiyo kwa maneno machache. Ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990, ikawekwa kuzunguka dunia huko juu ya hewa yetu, mahali ambapo mawingu hayazuii kuona. Kioo chake kikubwa kina upana wa meta 2.4. Picha za kwanza zilipofika, zilikuwa na ukungu. Kumbe kioo kilikuwa kimesuguliwa vibaya pembeni, kwa kipimo kama sehemu moja ya 50 ya unene wa unywele. Kosa dogo namna ile likawatia aibu watu wengi. Mnamo Desemba 1993 wanaanga walipanda kuitengeneza, kama mtu anavyovikwa miwani, nayo ikaona sawasawa.

Habari hiyo kubwa, mshairi anaiingiza kwa mlango wa nyumbani. Katika shairi lake refu juu ya anga, twamwona baba na wenzake wamevaa nguo za kijani nyepesi kama karatasi, wamejisafisha kama waganga wa kupasua, katika chumba cheupe chenye baridi. Kisha twamwona jioni amerudi kwake, macho mekundu kwa uchovu, anasoma hadithi za safari za angani. Aibu ya picha za kwanza ni aibu ya watu wa nyumba ile. Furaha ya picha za pili ni furaha yao. Hapo twamsifu mshairi bila kusita. Watu wengine wakiimba juu ya nyota husahau mikono. Yeye ametuonyesha kwamba hata mbingu za mbali zilifikiwa kwa kazi ya watu wenye njaa na usingizi. Sisi tulio katika nchi ya migodi twawafahamu akina baba wa namna hiyo.

Lakini shairi linalotugusa zaidi ni lile la kilio chenyewe, The Speed of Belief, lililotungwa kwa ukumbusho wa baba huyo. Humo binti anakumbuka siku babu yake alipokufa. Baba aliamka kabla ya mapambazuko, akala nusu ya sahani ya mayai na uji mzito wa mahindi, akanywa maziwa, akaondoka. Mtoto akaja akaketi mahali pa baba, akala mabaki yaliyokuwa yamepoa. Basi! Hakuna nyota hapo, wala darubini. Hata hivyo twasema kwamba mahali hapo ndipo kitabu chote kilipojengwa juu yake. Kiti kitupu na sahani iliyobaki vyatosha kumwonyesha mtu ukubwa wa kifo.

Je, kitabu hakina kasoro? Kinazo. Mashairi mengine yamebeba sinema na nyimbo za kwao, hata mwimbaji David Bowie amepewa nafasi, na msomaji wa mbali huachwa njiani. Lakini shaka yetu kubwa ni nyingine. Mara kwa mara, mshairi akitaka kutaja lile lililo kubwa kupita vyote, hasemi Mungu, wala hasemi Baba. Atumia neno la Kiingereza linalotaja kitu, si mtu. Kiswahili chetu kinatusaidia kuona tofauti. Twasema jiwe limeanguka, kiti kimevunjika. Lakini Mungu anasikia, Mungu anatupenda. Na hata mauti hayawezi kuibadili sarufi hiyo: mwili umezikwa, lakini baba amelala. Hatusemi baba «kimelala».

Sasa tazameni jambo la ajabu. Mshairi huyo huyo, akifika kwenye kilio cha baba yake, anaacha neno la kitu na kumwambia marehemu «wewe». Anasema naye uso kwa uso. Akili yake bado inauliza kama huko juu yupo mtu au kipo kitu tu. Moyo wake umekwisha kujibu. Kwani twamwambia «wewe» yule ambaye twatumaini anatusikia. Kwa maoni yetu, hapo shairi limekuwa karibu sana na sala, hata kama mwenyewe hakuliita hivyo.

Wengine watasema: mbona darubini haikumwona Mungu? Tuwakumbushe Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unazidi kutanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble, ambaye darubini imepewa jina lake, alitangaza vipimo vilivyoonyesha vivyo hivyo. Na tangu mwaka 2018 wataalamu wa nyota wameshauri kanuni hiyo iitwe kwa majina yao wawili. Padri huyo alisoma Misa na kupiga hesabu, wala hakupenda watu wazichanganye habari za sayansi na mafundisho ya imani. Darubini ilitengenezwa ili ione nyota. Tusiilaumu kwa kuwa haikuleta picha ya mbingu ya watakatifu, wala tusiiombe iturudishie marehemu wetu.

Hata hivyo, wasomaji wapenzi, tusimhukumu mshairi haraka, maana kitabu chake kinatukaripia sisi pia. Mara ngapi tumefika penye kilio na jibu tayari mdomoni! Mjane hajafuta machozi, nasi twasema: «Mungu amependa», kisha twauliza habari za chakula. Maneno ya imani ni ya kweli, lakini tukiyatupa kama mtu anayefunga mlango, hayafariji. Yezu mwenyewe, aliyejua kwamba atamfufua Lazaro, alilia kwanza.

Basi, kitabu hiki twakisifu kwa wale wasomao Kiingereza, hasa walimu wetu na vijana wanaojaribu kutunga. Wajifunze humo kuanza na sahani na kiti kabla ya kupanda kwenye nyota. Na sisi sote, tukienda kumfariji mtu, tuketi kwanza karibu naye, tumwache ataje baba yake alikuwa mtu gani, alikula nini, alirudi kazini saa ngapi. Kisha, tarehe 2 Novemba, Eklezya inapowaombea marehemu wote, twende naye kanisani, tumtaje marehemu huyo kwa jina lake.