Mguu wa Kushoto

Baridi ya alfajiri ilikuwa bado haijaondoka Tarime mjini dereva alipopanda kwenye Fuso yake na kuuvuta mlango taratibu, bila kuubamiza. Nyuma mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa kwa tabaka, kila tabaka limetandikiwa majani makavu ya migomba. Ilikuwa inakwenda Mugumu, wilayani Serengeti, kupitia Nyamwaga na Nyamongo, safari isiyofika kilomita 100. Mimi nilikaa dirishani. Katikati yetu alikuwa utingo, kijana mwenye leseni ya kujifunzia mfukoni, aliyeahidiwa usukani tukishavuka Mto Mara.

Dereva alianza na kiti. Alikisogeza mbele, akakanyaga klachi mpaka mwisho, akalitazama goti lake. Lilikuwa bado limekunjika kidogo.

"Mura," alimwambia kijana, "goti likinyooka kabla pedeli haijafika chini, umekaa mbali."

Kisha akavua ndala, akavaa raba zenye soli nyembamba. Alitaka unyayo usikie chuma.

Kijana aliomba kuijaribu pedeli kabla injini haijawashwa. Alisukuma kwa kifundo cha mguu; ikashuka nusu, ikamrudisha. Klachi ile ni nzito kweli. Kati ya injini na gia boksi kuna plet iliyobanwa kwenye flaiwili na springi kali, na lazima ziwe kali: injini ya silinda 6 inapovuta tani kadhaa, plet iliyobanwa kilegevu ingeteleza mpaka iungue. Anayekanyaga anashindana na springi hizo. Busta ya upepo humpunguzia dereva kazi, lakini ya Fuso hii imezeeka, na kazi kubwa imerudi mguuni. Dereva alimwonyesha kijana inakotoka nguvu: mgongo umeegemea kiti, mguu mzima unashuka kutoka nyongani, kifundo kimetulia.

Kukanyaga, hata hivyo, kunahitaji nguvu tu. Ufundi uko kwenye kuachia.

Injini ilipounguruma na upepo wa breki kujaa, aliingiza gia namba 1, na mguu wa kushoto ukaanza kupanda. Niliufuatilia kwa macho. Mwanzo ulipanda upesi, kwa kuwa hapo hakuna kinachotokea. Halafu ukapunguza mwendo, mpaka sauti ya injini ikazama kidogo na bodi ikatetemeka kwa mbali: klachi imeanza kukamata. Hapo mguu ukasimama. Springi zilikuwa zinausukuma juu, nao umetulia kwa muda wa pumzi moja. Mguu wa kulia ukaongeza mafuta kidogo, gari likajongea, ndipo wa kushoto ukamaliza safari yake na kushuka sakafuni. Niligeuka kutazama kwenye kidirisha cha nyuma. Hakuna mkungu uliokuwa umetikisika.

Barabarani mguu ule haukuwekwa juu ya pedeli hata mara moja bila kazi. Ukiulaza pale, hata kwa uzito mdogo, beringi ya klachi inafanya kazi muda wote na plet inaanza kuteleza. Vyote viwili vinakufa mapema. Nikaona pia kwamba dereva alikanyaga mara chache. Alikiona kilima kikiwa bado mbali, akashusha gia mapema, akapanda nayo hiyo hiyo mpaka juu. Mwingine angekanyaga mara tatu.

Mbele ya Nyamwaga, katikati ya mwinuko, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka. Alivuta hendibreki, akaweka frii, akaupumzisha mguu. Utingo alishashika kigingi cha kuzuia tairi, tayari kuruka. Ng'ombe wa mwisho alipopita, dereva alikanyaga, akaingiza namba 1, akaachia mpaka klachi ikakamata na gari likajivuta kama linalotaka kwenda. Ndipo akashusha hendibreki. Hatukurudi nyuma hata shibiri moja. Kijana akakirudisha kigingi chini ya kiti.

Tulipoteremka kuelekea mtoni, injini ndiyo iliyolishika gari kwa gia namba 3, na klachi haikuguswa. Tukavuka maji ya Mara, yanayotoka Mau nchini Kenya na kuelekea Ziwa Victoria. Ng'ambo, kwenye kipande kilichonyooka kisicho na watu, dereva akaegesha. Wakabadilishana viti, naye akasogeza kiti upya kwa ajili ya miguu ya kijana.

Mara ya kwanza gari lilizima. Mara ya pili liliruka, na nyuma tukasikia mikungu ikigongana. Dereva hakupandisha sauti. Alikiweka kiganja chake juu ya dashibodi, akakiinua upesi kidogo, kikapunguza mwendo, kikasimama. Kijana akakifuata kwa mguu. Injini ikazama, kiganja kikangoja, mguu ukangoja nacho, na Fuso ikaondoka.

Aliendesha mwendo mfupi tu. Aliposhuka, paja lake lilikuwa linatetemeka, akalishika kwa aibu.

"Wangu ulitetemeka msimu mzima wa mvua," dereva alimwambia. "Mguu haufundishwi siku moja."

Sokoni Mugumu, mama mwenye mzigo aligeuza mkungu mmoja mmoja, akipitisha kidole kati ya vichane. Kwenye mkungu wa tabaka la juu alisimama. Ndizi tatu zilikuwa zimechubuka, utomvu umezikaukia. Kijana aliinamisha kichwa.

Dereva alizikata zile tatu kwa kisu chake, akaziweka kando.

"Hizi usizihesabu, mama," alisema. "Hizi ni ada."