Mgonjwa Tuliyemsahau: Tahakiki ya Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 (1275 Hijria), umehakikiwa kwa muda mrefu kama waraka wa ndoa. Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa anwani ya Kiingereza yenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo sehemu kubwa ya mjadala haijatoka nje ya uwanja huo. Wapo wanaouona utendi huu kuwa hati ya utiifu. Wapo pia, kama Ann Biersteker katika makala yake ya 1991, wanaouzingatia upya kwa upande wa lugha na mamlaka. Katika mabishano hayo, maradhi ya mtunzi hutajwa katika utangulizi na kuachwa hapo hapo. Makala haya yanadai kwamba maradhi hayo ndiyo yanayoutawala utendi.

Tuanze na matini yenyewe. Mama anamwita bintiye ajongee, na mara moja anamweleza kwamba amekuwa mgonjwa mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Kisha anamtaka akae karibu na wino na karatasi. Kauli iliyozoeleka madarasani ni kwamba huu ni mtindo tu wa wasia: anayeusia huwa karibu na mauti. Hoja hii haitoshelezi. Wasia huhitaji mauti kuwa karibu, lakini hauhitaji mwaka mzima. Isitoshe, ingawa taarifa kuhusu mwaka wa kifo cha Mwana Kupona hutofautiana, zile nizijuazo zinakiweka 1860 au baadaye. Basi aliyetunga hakuwa anakata roho. Alikuwa akiishi na ugonjwa, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na sisi wahakiki tumemzika mapema kwa sababu kifo kinafasirika kwa urahisi kuliko ugonjwa usiokwisha.

Nakiri kwamba hili sikuliona maktabani. Nililiona nyumbani Maua, wakati wa likizo, nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa uzamili juu ya utendi huu. Dada yangu mkubwa, ambaye kwa miaka mingi alichuma majanichai katika vilima vya Nyambene, anaugua baridi yabisi. Asubuhi vidole vyake havikunjiki hata kushika kikombe. Adhuhuri huweza kutembea hadi sokoni. Wanaomkuta sokoni adhuhuri ndio wasemao kuwa asubuhi alikuwa akijisingizia. Nilipomfafanulia beti za mwanzo kwa Kimeru, hakuuliza lolote juu ya mume. Aliuliza, "Mwalimu, kalamu ilishikwa na nani?" Baadaye akasema: "Huyo mama anaomba radhi."

Swali la kalamu halina jibu katika matini, na imla ilikuwa jambo la kawaida, sitalijengea nadharia. Lakini hilo la pili limenibadilishia usomaji wote. Mwana Kupona hasemi tu kwamba ameugua. Anasema kwamba ugonjwa umemfanya apungukiwe katika wajibu wake wa kuongea na mwanawe. Anautaja kwa kipimo cha kile ambacho wengine wamekikosa, si kwa kipimo cha maumivu yake. Hataji kiungo kinachouma wala jina la maradhi. Kila mgonjwa wa muda mrefu huijua lugha hii: hueleza kwa ufupi kwa kuwa ameshajifunza ni kiasi gani wasikilizaji watavumilia.

Tukiusoma hivyo, sehemu ya mume, iliyowachosha wengi wetu, inachukua sura nyingine. Huyo mume analindwa mwili wake kwa makini ya ajabu: akilala asiamshwe, apapaswe, apepewe; sauti isipazwe; chakula kiandaliwe, na mwili wake usingwe na kuoshwa. Anayeyasema haya ni mjane, maana Bwana Mataka wa Siu alifariki mwaka 1856, na mwili ulio mbele ya binti sasa ni wa mama mgonjwa. Mama anautaja wajibu wa mtoto kwa mama katika zile haki tano, baada ya Mungu, Mtume na baba, lakini anaupitia upesi. Hasemi hata mara moja: nami nipepee. Ujuzi wote wa kumhudumia mtu asiyeweza kusumbuliwa umo katika utendi. Ila umeelekezwa kwa mwanamume mzima wa afya. Huenda hii ni kinaya, huenda sivyo. Ninachodai ni kwamba ukimya huu si utiifu wa mke. Ni ukimya wa mgonjwa asiyetaka kuonekana mzigo.

Maradhi yanarudi mwishoni, katika dua. Hapo ndipo anapoomba kuponywa waziwazi, na maombi hayo yamekaa bega kwa bega na maombi ya kusamehewa dhambi. Tunaweza kusema ni desturi ya dua, na ni kweli. Lakini katika beti 100 hivi, aliyeambiwa habari za maumivu kwa urefu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Binti, Mwana Hashima, aliambiwa kwa ubeti mmoja, na utendi hauna jibu lake.