Azimio Tunalolisoma Nusu: Uhuru wa Wanataaluma na Mashimo ya Bulyanhulu

Makala haya hayahakiki riwaya wala tamthiliya. Yanahakiki andiko ambalo wengi wetu tunalitaja kwenye mijadala bila kulisoma: Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990, lililopitishwa na wawakilishi wa jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini. Mimi ni mtoto wa Kahama, na swali langu ni moja: andiko hili lina faida gani kwa mtu wa kwetu, au wa Geita, ambaye hajawahi kukanyaga Mlimani?

Tuanze na jina, kama tunavyofundishwa. Jina lake lina sehemu mbili: uhuru wa kitaaluma, na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Wengi tunalisoma nusu. Anayedai usalama wa ajira ya mhadhiri anashika sehemu ya kwanza tu. Mkubwa anayetaka kumnyamazisha anashika ya pili, eti wajibu maana yake ni kutii. Wote wawili wanaruka kineno "na" kilichopo katikati, na mimi nashikilia kuwa humo ndimo ilimo dhamira kuu ya andiko zima.

Chukua mfano wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu kulipisha kampuni ya Kahama Mining, tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mashimo yakafukiwa. Ikadaiwa kuwa wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakana. Sasa, mwanafunzi mwenzangu wa fasihi, angalia maneno tu. Huyu anasema "kufukia mashimo", yule anasema "kuzika watu". Huyu anasema "mchimbaji mdogo", yule "mvamizi". Ugomvi mzima umo ndani ya maneno hayo. Kukusanya masimulizi, kuyalinganisha, kuuliza nani kampa nani jina: hiyo si siasa ya mitaani, ni kazi yetu hasa.

Lakini nani atauliza? Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, mawakili wa LEAT waliodai uchunguzi huru, walishitakiwa kwa uchochezi. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, ikalegezwa 2019. Kwa muda huo, mtafiti ambaye angekwenda kuhesabu waliopotea angeanza kwanza kuhesabu miaka ya kifungo.

Kuna wanaosema: acheni nadharia, mhadhiri anataka mshahara. Jamani, mshahara nao umo humu humu! Kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, mwekezaji ndiye anayemtafuta na kumlipa mtaalamu wa kutathmini athari za mradi. Mhadhiri ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, au ambaye mkataba wake unaweza kukatwa wakati wowote, ataandika nini kuhusu maji ya kijiji? Kwa hiyo ajira salama ya mhadhiri ni ngao ya mtu asiyemjua, yule anayeokota magwangala kando ya mgodi wa Geita.

Kasoro ya Azimio ni kwamba halina nguvu ya sheria. Mwezi mmoja tu baada ya kupitishwa, Mei 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kwa amri ya Rais. Na sisi wa magazeti ya wanafunzi tuna la kukumbuka pia: Cheche, lililochapisha uchambuzi wa kijana Issa Shivji juu ya matabaka, lilipigwa marufuku mwaka huo huo wa 1970. Maandiko ya namna hii yanaishi pale tu wasomaji wanapoyatumia.

Napendekeza basi Azimio liingizwe katika kozi ya uhakiki ya mwaka wa kwanza, lisomwe sambamba na masimulizi ya wachimbaji wa Bulyanhulu. Kila moja litafichua pengo la mwenzake. Na mhadhiri atakayelifundisha hivyo asiachwe peke yake siku atakapoulizwa kwa nini.