Nani Mtenda? Kupotea na Kutupwa katika Lugha ya Wokovu

Je, ni haki mwanadamu aadhibiwe milele kwa makosa ya miaka michache, au kwa kutolijua jina ambalo hakuletewa? Swali hili kwa desturi huachiwa wanateolojia. Hata hivyo, sehemu yake kubwa ni swali la sarufi: nani anatenda, na nani anatendwa? Biblia ya Union ya mwaka 1952, iliyozoeza masikio ya waumini wengi wa Afrika ya Mashariki na ya mashariki mwa Kongo, inatoa ushahidi wa kutosha.

Kitenzi okoa kina kauli mbili ambazo wahubiri huzichanganya kana kwamba ni moja. Ameokolewa ni kauli ya kutendwa: nyuma yake yuko mtenda, hata asipotajwa. Ameokoka ni kauli ya kutendeka: jambo limetimia, na mtenda hatafutwi. Upande wa maangamizi una jozi yake pia. Anayepotea amepotea, sentensi haimdai yeyote aliyempoteza, na ndicho kitenzi cha Yohana 3:16. Lakini Mathayo 5:29 na Ufunuo 20:15 zinasema kutupwa, na kitu hakitupwi bila mkono.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mahubiri mengi. Mhubiri anapotaka kuwatisha wasikilizaji, husema mwenye dhambi atatupwa motoni. Akiulizwa kama jambo hilo ni haki, hujibu kwamba Mungu hamtupi mtu, mtu hupotea mwenyewe. Mtenda aliyekuwapo wakati wa kutisha ameondolewa wakati wa kujitetea. Mwandishi C. S. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu tatizo la maumivu, aliufikisha utetezi huo mbali zaidi aliposema kwamba milango ya jehanamu imefungwa kwa ndani. Ni wazo zuri. Ila linakubaliana na kupotea tu. Kwa kutupwa halina la kusema.

Wafasiri wasilaumiwe. Tofauti hiyo imo katika Kigiriki chenyewe, na pengine haionekani wazi popote kuliko katika Warumi 9:22-23. Vyombo vya rehema vina mtenda: Mungu ndiye aliyevitengeneza tangu zamani, kwa kauli ya kutenda. Vyombo vya ghadhabu vimefanywa tayari kwa uharibifu, na aliyevifanya hatajwi. Je, Paulo alisita? Haiwezekani kuthibitisha, lakini ukimya huo si wa bure. Calvin, katika karne ya 16, hakusita: alimtaja Mungu kuwa mtenda wa pande zote mbili, kuchaguliwa na kukataliwa. Fundisho lake ni gumu kumeza, lakini sarufi yake ni nyofu kuliko ya wengi wanaomkataa huku wakimpa Mungu sifa zote za wokovu na mwanadamu lawama zote za kupotea.

Suala la msamiati ni zito zaidi, kwa kuwa linawagusa mababu. Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitosheka mara nyingi na moja. Jehanamu limetoka Kiarabu, na asili yake ni bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu. Kuzimu ni neno la Kibantu, lenye shina lile lile la mzimu; Kinyarwanda kina ikuzimu. Ni mahali walipo wazimu, yaani waliotutangulia, wema kwa wabaya. Kweli, Luka 16 inamweka tajiri katika mateso huko huko kuzimu, kwa hiyo si mahali pa raha kwa kila mtu. Lakini si jehanamu: katika Ufunuo 20:14 Kuzimu yenyewe inatupwa katika ziwa la moto, na chombo hakiwezi kutupwa ndani ya chenyewe.

Mhubiri anayeyafanya maneno haya mawili kuwa moja huwahukumu wazee wote waliokufa kabla ya misheni kufika. Francisko Xavier, katika barua yake ya mwaka 1552, alisimulia jinsi Wakristo wapya wa Japani walivyowalilia wazazi wao aliposema kwamba walio motoni hawana msaada tena. Machozi hayo yamelilika Afrika pia. Kanisa Katoliki, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, lilikubali kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuupata wokovu. Hata hivyo katika matanga mengi lugha ya zamani bado inasikika.

Inasikika, tena, kutoka vinywa vile vile ambavyo katika Kanuni ya Imani hukiri kwamba Kristo alishukia kuzimu. Si jehanamu. Mfasiri wa Kanuni hiyo alichagua neno la wahenga, na Ufunuo 20:13 unalitumia neno hilo hilo kusema kwamba wafu walio humo watatolewa kwanza, ndipo kila mmoja ahukumiwe kwa matendo yake. Kwa kufuata maandishi hayo, kesi ya mababu haijasikilizwa bado. Wanaoitangaza hukumu yao makaburini wanasoma karatasi ambayo hakimu hajaiandika.