Kilichofanyika kwenye kizazi cha pili

Wanafunzi wa biolojia ya molekuli huniletea swali hili kwa sura mbalimbali: Matthew Meselson na Franklin Stahl walijuaje kwamba DNA ikijinakili, kila molekuli mpya inakuwa na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya? Vitabu vya kiada humaliza jambo hili kwa mchoro wa rangi mbili na sentensi tatu. Mchoro hauna kosa, ila umeiruka kazi yenyewe, na uzuri wote umo kwenye kazi.

Watson na Crick walipochapisha umbo la DNA mwaka 1953 walidokeza kwamba nyuzi mbili huachana, kila uzi ukawa kiolezo cha mwenzake mpya. Mwanabiolojia Max Delbrück hakuridhika. Nyuzi ndefu kiasi kile, zilizosokotana mara maelfu, zitasokotolewaje bila kutatizana? Mwaka 1954 akapendekeza kwamba nyuzi hukatwakatwa na kuungwa tena njiani, kwa hiyo vipande vya zamani na vipya huchanganyika ndani ya uzi uleule. Uwezekano wa tatu ulikuwa kwamba molekuli ya zamani hubaki nzima, na ya pili hutengenezwa yote upya.

Ili kuamua kati ya mawazo hayo matatu ilibidi DNA ya zamani itofautishwe na mpya. Meselson na Stahl, wakiwa Caltech huko Pasadena, walichagua naitrojeni nzito, yaani naitrojeni 15, ambayo haina mnururisho wowote. Bakteria wa E. coli waliolishwa hiyo peke yake kwa vizazi 14 walikuwa na DNA nzito kuliko ya kawaida. Tofauti ni ndogo mno: DNA ya kawaida ina densiti ya karibu gramu 1.71 kwa sentimita moja ya ujazo, na ile nzito inazidi kwa 0.014 tu. Haifiki asilimia moja.

Mbinu ya kuiona tofauti hiyo waliibuni pamoja na Jerome Vinograd, na ikachapishwa mwaka 1957. DNA inachanganywa na maji yenye chumvi nyingi ya sesiamu kloridi, kisha inazungushwa ndani ya sentrifuji mizunguko 44,770 kwa dakika, kwa saa 20. Kwa kasi hiyo hata chumvi yenyewe huelekea chini, maji yakawa mazito zaidi chini kuliko juu. DNA nayo husogea mpaka ifike pale ambapo densiti yake na ya maji ni sawa, kama yai linavyoelea katikati ya maji ya chumvi, na hapo hutulia. Picha iliyopigwa kwa mwanga wa urujuanimno huonyesha mstari mweusi mahali ilipotulia.

Sasa jaribio lenyewe. Bakteria wazito wakiwa bado wanakua, chupa ilimiminiwa ghafla naitrojeni ya kawaida, mara kumi ya ile nzito iliyokuwamo. Hapakuwa na kuosha wala kuhamisha. Ile nzito ilizidiwa tu kwa wingi. Tangu hapo sampuli zilichukuliwa kwa zamu, bakteria wakapasuliwa kwa kemikali ya jamii ya sabuni, na mchanganyiko ukaingia kwenye sentrifuji bila hata kusafishwa. Hapakuwa na haja ya kusafisha, maana katika chumvi hiyo protini huelea na RNA huzama.

Baada ya kizazi kimoja uliobaki ni mstari mmoja, katikati ya mzito na mwepesi. Wengi huishia hapo na kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Mstari huo unaliua wazo la molekuli kubaki nzima, kwa kuwa wazo hilo lingetoa mistari miwili. Lakini Delbrück bado anasimama: vipande vikichanganyika nusu kwa nusu, mstari utakuwa palepale katikati. Kizazi cha pili ndicho kinachomtenganisha na Watson na Crick. Kwa wazo la kukatwakatwa, mstari mmoja ungesogea kuelekea juu. Kilichoonekana ni mistari miwili inayokaribiana kwa wingi, mmoja ungali pale katikati, mwingine mahali pa DNA nyepesi kabisa. Ili wawe na hakika na neno «katikati», walichanganya sampuli ya mwanzo na ile iliyochukuliwa baada ya vizazi 1.9 ndani ya chombo kimoja, wakapima: asilimia 50 ya umbali kati ya mstari mzito na mwepesi, kwa kosa la asilimia 2.

Kuna jambo jingine ambalo napenda wanafunzi walione. Kromosomu ya E. coli ni ndefu sana, na ilivunjika vipande mamia wakati wa kushikwashikwa. Uharibifu huo ndio uliosaidia. Kipande kidogo ama kimeshanakiliwa ama bado. Kilichoko nusu njiani ni nadra. Kama kromosomu zingebaki nzima, sampuli iliyochukuliwa baada ya kizazi 0.3 ingekuwa na molekuli za kila densiti kati ya nzito na nusu nzito, na mistari ile safi ingegeuka ukungu.

Kisha wakachukua DNA ya katikati, wakaichemsha kwa nyuzijoto 100 kwa nusu saa. Ikagawanyika kuwa aina mbili: moja nzito, moja nyepesi. Kama vipande vingekuwa vimechanganyika ndani ya kila uzi, kuchemsha kusingetoa mgawanyo huo.

Hata hivyo, katika makala yao ya 1958 hawakuandika kwamba wameona nyuzi mbili za Watson na Crick zikiachana. Waliandika kwamba naitrojeni ya DNA imegawanyika sawasawa kati ya sehemu mbili zinazobaki nzima kwa vizazi vingi, na kwamba kila molekuli mpya hupokea moja ya sehemu hizo. Sentrifuji hupima densiti. Haionyeshi umbo la uzi. Mwaka 1963 John Cairns alitumia thaimidini, kijenzi kimojawapo cha DNA, yenye mnururisho kuipiga picha kromosomu nzima ya E. coli ikiwa katikati ya kujinakili, na hapo watu wakaona DNA yenyewe ikigawanyika njia panda.