Bima ya Safari kwa Mshindani: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Bora

Mkimbiaji anayetoka Eldoret au Arusha kwenda kushindana Ulaya hudaiwa karatasi nyingi ubalozini, na mojawapo ni hati ya bima. Kanuni za viza ya Schengen zinataka bima ya angalau euro 30,000, itumike katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa safari, na ilipe matibabu ya dharura, kulazwa hospitali na kurudishwa nyumbani, mtu akiwa mgonjwa au amefariki. Wakala huitoa kwa dakika chache, ubalozi unaridhika, viza inatoka. Lakini ofisa wa viza hakagui kama bima hiyo inamlinda mtu aliyebandika namba kifuani. Kazi hiyo ni ya msafiri mwenyewe, na wengi huiacha.

Bima ya mwanamichezo ipimwe kwa siku moja: siku ya mashindano. Kwa siku za kupanda ndege, kulala hotelini na kutembea mjini, bima nyingi zinafanana. Mlio wa bastola ya kuanzisha mbio ndio unaozitenganisha.

Anza na yasiyolipwa

Hati nyingi hutanguliza jedwali la viwango: matibabu kiasi hiki, mizigo kiasi kile. Jedwali hilo liache kwanza. Fungua sehemu inayoorodhesha mambo ambayo kampuni haitalipa, utafute michezo. Humo huwamo sentensi ya aina hii: “Kampuni haitalipa madai yatokanayo na mashindano ya kasi ya aina yoyote, isipokuwa ya miguu.” Isome polepole. Maneno matatu ya mwisho yanamwokoa mkimbiaji wa marathoni na kumwacha nje mwendesha baiskeli, hata kama wamelipa ada ileile kwa wakala yuleyule. Yakikosekana, wote wawili wako nje.

Bima dhaifu husema tu kwamba “michezo ya hatari” haihusiki, bila kuitaja. Hapo mkaguzi wa madai huachiwa uhuru wa kuamua, ajali ikishatokea, mchezo upi ulikuwa wa hatari. Bima nzuri huitaja michezo kwa majina na kuigawa: iliyomo bila nyongeza, inayohitaji ada ya ziada, na isiyokubalika kabisa. Iliyo bora husema pia kwamba mazoezi ya kabla ya mashindano yamo. Wapo wanaofika wiki nzima mapema ili mwili uzoee hali ya hewa, na msuli huchanika mazoezini kama unavyochanika siku ya mbio.

Wa ridhaa au wa kulipwa

Hapa ndipo wakimbiaji wetu wengi wanapokwama. Bima nyingi za michezo zimeandikwa kwa ajili ya wanamichezo wa ridhaa, na humtoa mtu anayelipwa kwa kushindana. Sasa mfikirie kijana wa Iten anayekwenda kukimbia kilomita 10 katika mji mdogo wa Ulaya, akitarajia zawadi ya euro mia chache. Hana mkataba na kampuni ya viatu, lakini nauli yake imelipwa na meneja, na zawadi hiyo ndiyo karo ya wadogo zake. Huyu ni wa ridhaa au wa kulipwa? Bima nzuri hujibu ndani ya fasili zake: hueleza kama zawadi ya fedha peke yake inamtoa mtu kwenye ridhaa, na kama nauli na posho zinahesabiwa. Hati isipoeleza, usiilipie kabla hujapata jibu kwa maandishi.

Usiridhike pia ukiambiwa kwamba waandaaji wana bima yao. Kwa kawaida hiyo huwakinga wao wasibebe madai ya watu wengine. Fomu uliyojaza ulipojisajili huenda inasema wazi kwamba unashiriki kwa hiari na hatari yako mwenyewe.

Mipaka, milima na kurudi nyumbani

Mbio za UTMB zinauzunguka mlima Mont Blanc kwa takriban kilomita 170, zikipita Ufaransa, Italia na Uswisi. Mkimbiaji akivunjika mguu upande wa Ufaransa, kikosi cha serikali cha uokoaji milimani kwa kawaida hakimtozi. Akivunjika saa kadhaa baadaye upande wa Uswisi, ankara ya helikopta huja kwa jina lake. Mashindano ni hayohayo, mguu ni uleule. Kwa hiyo tafuta kipengele cha uokoaji kilichosimama peke yake, na usidhani kimo ndani ya matibabu.

Angalia na kikomo cha mwinuko. Njia ya UTMB hufika takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kilimanjaro una mita 5,895. Bima yenye kikomo cha mita 3,000 inatosha kwa njia ya kwanza, lakini haimfai Mkenya au Mganda anayekuja Tanzania kupanda hadi kilele cha Uhuru.

Mwezi wa Agosti 2022, mwendesha baiskeli wa Kenya Suleiman Kangangi alifariki baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani. Msiba ule uliwagusa wengi. Kila anayesafiri kushindana ajiulize kwa utulivu: likinikuta, nani atanirudisha kwetu? Kipengele cha kumrudisha mgonjwa au mwili lazima kitaje kiasi. Ndege ya wagonjwa kutoka Marekani hadi Afrika Mashariki huweza kugharimu zaidi ya dola 100,000, na kiwango cha chini cha viza ya Schengen hakifiki hata karibu.

Tazama pia simu ya dharura. Mikataba mingi hutaka kampuni ijulishwe kabla mgonjwa hajalazwa, au mapema iwezekanavyo. Ipigie namba hiyo kabla hujanunua bima, tena usiku. Isipopokelewa ukiwa mzima nyumbani, usitegemee itapokelewa ukiwa kitandani.

Mbio zikifutwa

Mwaka 2012 marathoni ya New York ilifutwa kwa sababu ya kimbunga Sandy. Tangazo lilitoka Ijumaa, na mbio zilikuwa Jumapili. Washiriki wengi wa kigeni walikuwa wameshafika. Bima ya kawaida hulipa wewe ukishindwa kusafiri kwa sababu ya ugonjwa au msiba. Kama umefika salama na mbio ndizo zimefutwa, kwa macho yake safari yako imekamilika. Iliyo bora hutaja kufutwa kwa mashindano, na hurejesha ada ya kujisajili, ambayo waandaaji wengi hawairudishi.

Kwa baiskeli na vifaa, mambo ni mawili. Kwanza, tazama kikomo cha thamani ya kitu kimoja, maana jumla kubwa ya mizigo huficha kikomo kidogo cha kila kitu. Pili, tazama kama kifaa kina kinga kikiwa kinatumika mashindanoni au kikiwa safarini tu. Kikiharibika ndani ya ndege, andikisha ripoti kabla hujatoka uwanja wa ndege; chini ya Mkataba wa Montreal una siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika, na siku 21 kwa uliochelewa.

Mpime wakala

Ukishasoma yote, mwandikie wakala kisa kamili: “Nakwenda Berlin kukimbia marathoni. Nauli amelipa meneja wangu, na nikifanya vizuri nitapata zawadi ya fedha. Nina pumu. Nikianguka kilomita ya 35 na kulazwa, mtalipa? Naomba mnionyeshe kipengele.” Usifiche pumu, presha wala goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, maana ugonjwa uliofichwa ni sababu rahisi ya madai kukataliwa. Wakala mzuri atakujibu kwa namba ya kipengele, au atakiri kwamba bima hiyo haikufai na kukutafutia nyingine. Anayejibu “usiwe na wasiwasi, iko sawa” bado hajajibu.

Bima ya namna hii hugharimu zaidi ya ile ya viza, na kwa mkimbiaji anayeanza, tofauti hiyo inauma. Lakini wahenga walishasema rahisi huvunja upishi, na hapa kinachovunjika ni mfuko wa ukoo mzima unaochangishana kumrudisha ndugu yao. Ndiyo maana mzigo huu usiachwe kwa mkimbiaji peke yake. Klabu inayosafirisha kikundi ina nguvu ya kudai bima ya pamoja inayotaja mashindano kwa jina. Meneja anayechukua asilimia ya zawadi ana wajibu wa kuhakikisha kinga ipo kabla ya safari. Na mwanariadha ana haki ya kukabidhiwa hati yenye kurasa zote, aisome, aulize, na akatae kupanda ndege mpaka ajibiwe.