Sungura na Mpunga wa Kyela

Mchele wa Kyela husifiwa kwa harufu yake hata Dar es Salaam, ambako wachuuzi huita "Kyela" hata ule usiowahi kuuona Mto Kiwira. Mimi namsifu mtu asiyetajwa sokoni: fundi wa kingamwili za virusi vya mimea.

Jani la mpunga likigeuka manjano katika bonde la Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, huenda mmea una njaa ya naitrojeni. Huenda pia ni kimyanga, ugonjwa wa virusi uliobainika mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu. Jicho peke yake hudanganyika. Mkulima hukimbilia urea, na wakati huo mbawakawa wanahamisha virusi shina hadi shina, wakisaidiwa na mundu, mikono, hata ng'ombe walioachiwa mabua.

Fundi huanza na majani hayohayo mabaya. Huyaponda, huchuja utomvu, huuzungusha kwenye mashine kwa kasi kubwa mpaka virusi vijitenge, kisha humdunga sungura kwa awamu, wiki baada ya wiki. Sungura haugui kimyanga, lakini mwili wake huunda kingamwili za kuvinasa virusi hivyo. Damu hukingwa, huachwa igande, na majimaji yake hutunzwa. Asiye na subira angeishia hapo. Lakini virusi havisafiki kabisa, kwa hiyo majimaji yale hunasa pia protini za mpunga wenyewe. Basi fundi huyachanganya na utomvu wa mpunga usiougua, ili kingamwili zinazoulenga mmea zinate humo na kuondolewa. Kwangu mimi, hapa ndipo penye ufundi: katika kuchuja kinachokaribia kufaa.

Tangu watafiti Clark na Adams walipoeleza mwaka 1977 namna ya kupima virusi vya mimea kwa kingamwili na kimeng'enya, kibao kimoja cha plastiki chenye vishimo 96 kimekuwa kikibeba sampuli za mashamba mengi. Mara nyingi kishimo chenye virusi hugeuka manjano, na manjano hii, tofauti na ya shambani, ina maana moja. Ila fundi makini hutazama kwanza kishimo cha mmea usiougua. Kikipata rangi, kibao kizima ni cha kurudiwa.

Kingamwili hizi hazitibu. Mwaka 1993 watafiti wa Italia walipandikiza jeni ya kingamwili katika mmea wa jamii ya tumbaku, na maambukizi ya virusi yakapungua. Ni jambo la kusisimua, lakini kwa mkulima wa Ipinda, huko Kyela, faida iko karibu zaidi. Kimyanga hakipiti kwenye mbegu. Akishajua ndicho kilichomwingilia, hana sababu ya kuitupa mbegu yake yenye harufu: atang'oa maotea, ataosha mundu kabla ya kuvuka tuta, na urea ataipeleka kwenye jaruba ambalo kipimo hakikuona kitu.